Maji Matamu kwa Samaki wa Bahari

Juzi tulimsomea hitima mkaza mjomba wangu, Bi Mwanatime, nyumbani kwa wajukuu zake hapa Mombasa. Wanawake tulikaa chini kwenye majamvi, kahawa na halua zikapita, na kama ilivyo ada kila mmoja akatoa lake juu ya marehemu. Huyu alisifu tambi zake, yule akasifu mkate wake wa kumimina, mwingine akakumbuka mkono wake wa kupaka hina. Moyoni nilichukia, na sioni haya kusema hivyo. Hawakusema uongo, tambi zake zilikuwa tambi kweli. Ila mwanamke aliyepigania uhai wa mtu msimu mzima kwa ndoo, kata na ulimi wake mkali, mimi sikubali azikwe kama mpishi. Watu walipoanza kutawanyika, mwanawe Heri, ambaye vita vilimtupa Ulaya na kumrudisha kwetu akiwa mzee wa mvi, alinifuata uani nikiosha vikombe. Akaniuliza, “Dada Zena, lile tangi la kioo nililowatumia Kismayo nilipokuwa baharia, lilifanya kazi gani hasa? Kila nikimuuliza mama kwenye simu, hucheka tu.” Nikaweka kikombe chini. Nilipomaliza kumweleza chai ilikuwa imepoa na macho yake yamelowa, na nikaona haifai jambo hili likae kwangu peke yangu.

Mwaka huo nilikuwa nimefika umri wa kuposwa. Niliitwa kutoka kwetu, kisiwa cha Chovae, niende Kismayo, mjini, nikamsaidie Bi Mwanatime kumuuguza mumewe, Mjomba Kombo. Mjomba alikuwa mzamiaji wa kamba, wale kamba wakubwa wa miambani ambao mahoteli huwagombania. Siku moja mtungi wa hewa ulimwishia akiwa chini sana, akapanda juu upesi kuliko mwili unavyokubali, na tangu kichwa chake kilipotoka majini miguu haikumtii tena. Hospitalini walisema hewa imeingia kwenye damu. Mtaani walisema ni jini wa mwambani, amekasirishwa na kamba wake kuchukuliwa. Mjomba mwenyewe nilimkuta katika chumba cha nyuma, chumba kirefu cha kuta nene za mawe na chokaa, amegeuzia uso ukutani. Dirisha la chumba kile lilitazama bandarini, naye aliamuru lifungwe, likafungwa, na kwa vile hewa haikuingia pakanuka mafuta ya kumkandia na moshi wa udi. Maneno yake yote yalikuwa “sitaki”, “toa” na “funga”. Bi Mwanatime alimpelekea wali wa nazi na mchuzi wa papa, akampelekea mkate wa muufo wa moto na samli, akampelekea hata tambi za basta na ndizi mbivu pembeni kama wanavyokula jirani zetu Wasomali, chakula ambacho zamani Mjomba alikuwa akipigana na watoto kwa ajili yake. Sahani zilirudi jikoni zimeguswa ukingoni tu. Sisi ndio tuliozimaliza.

Siku chache baada ya kufika kwangu nilikuwa jikoni, nimekalia mbuzi nikikuna nazi, na mazungumzo ya ukumbini yakawa yananifikia wazi. Alikuwa amekuja Bwana Omari, kaka mkubwa wa Mjomba, mwenye boti ya mashine kule Chovae. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana maneno yake yalinitisha. “Shemeji,” alisema kwa lahaja yetu ya kisiwani, ambamo mtu ni mchu na maji ni mai, “tusidanganyane. Mchu akisha kuchoka na dunia hulazwa kwao. Upepo huu wa kusi ukikatika na bahari ikitulia, nitakuja na boti nimchukue. Apumzike penye makaburi ya wazee wake.” Bi Mwanatime akajibu, “Makaburi hayakimbii, shemeji.” Bwana Omari alipokwenda zake, Bi Mwanatime aliingia jikoni, akaninyang'anya nazi niliyoshika, akaanza kuikuna mwenyewe kwa nguvu hadi vipande vya kifuu vikaingia. “Umesikia?” akaniuliza. “Wameshamzika. Zena mwanangu, mchu hafi kwa miguu. Mchu hufa akiwa hataki kitu, hata kikombe cha chai. Mimi namtafutia kitu cha kutaka.” Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: boti ingekuja kusi ikikatika, na kabla ya hapo Mjomba awe ametaka kitu, chochote kile.

Kitu kilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Heri, aliyekuwa baharia kwenye meli za Ghuba, alimpa mwenzake kasha kubwa atufikishie. Ndani ya kasha mlikuwa na mablanketi, na ndani ya mablanketi tangi la kioo la kufugia samaki, refu kama sanduku la nguo, pamoja na pampu ndogo ya hewa na kisanduku cha vichupa vya dawa na kadi ya rangi. Maelezo yote yalikuwa ya Kijerumani. Salamu zake zilikuja kwa mdomo: mwambieni baba kwamba huku matajiri wanafuga samaki wa bahari sebuleni. Majirani walikuja kutazama, na mmoja akasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, samaki gani huyo wa kutazamwa na asiliwe? Hata mimi nilicheka. Kwetu samaki ni mchuzi, au ni ng'onda wa kuanikwa juani, au ni chambo, basi. Lakini Bi Mwanatime hakucheka. Alitazama kile kioo, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akaniambia nishike upande mmoja. Tukaliweka juu ya meza ya cherehani, mkabala na kitanda, upande ule ule ambao Mjomba aliuelekezea mgongo.

Bamvua lilipotoka, maji yakarudi mbali na mwamba ukabaki wazi, tulikwenda ufukoni na kipande cha chandarua kikuukuu. Tukaleta mchanga mweupe, mawe ya matumbawe, ndoo za maji, na vile visamaki vya buluu ambavyo watoto wa kwetu huvirudisha majini kwa kuwa havifai hata kutegea. Bi Mwanatime aliviweka ndani ya kioo akavikaribisha kwa jina la Mungu, kisha akafanya kosa ambalo mwanamke wa pwani tu ndiye angelifanya: alivikirimu. Hakuweza kupita mbele ya kioo bila kutia kitu. Alitia dagaa waliopondwa, akatia makombo ya muufo, na siku ya Ijumaa akatia hata punje za pilau, kwa sababu mgeni hali mara moja akaachwa. Maji yakawa kama uji, yakanuka, na visamaki vikaelea tumbo juu kimoja baada ya kingine. Ndipo nikakifungua kile kisanduku. Kijerumani sikukijua, lakini rangi hazina lugha. Ukitia matone kwenye kichupa cha maji ya kioo na yakabaki manjano, ni salama. Yakigeuka kijani, ni sumu. Maji yetu yaligeuka kijani kama mchicha. Tuliyamwaga, tukaanza upya, na mara hii tukaacha mawe na mchanga vikae na maji peke yao kwanza. Kila asubuhi nilipima. Kijani kikafifia taratibu mpaka siku moja matone yakabaki manjano safi, na nilipiga kelele hadi Bi Mwanatime akaja na mwiko mkononi akidhani nimeungua. Nimefanya kazi maabara maisha yangu yote, kupima maji ya visima na mabomba ya watu, nimetumia mashine ambazo bei yake siwezi kuitaja, na bado hakuna kipimo kilichonifurahisha kama manjano yale. Tukaleta visamaki vingine, na jiwe lililoshikwa na ua la bahari, lile lenye vidole laini vinavyochezacheza. Umeme ulikuja jioni tu, kwa hiyo mchana niliyatia maji hewa kwa kuyachota kwa kata na kuyamimina kutoka juu, na mlio ule wa maji ulikijaza chumba. Mgongo wa Mjomba haukugeuka. Lakini nilianza kuona kwamba nikiacha kumimina, kichwa chake husogea kidogo kwenye mto, kama mtu anayesikiliza.

Joto la Kismayo na upepo wa mlangoni viliyanywa yale maji. Kila siku yalishuka kidogo, na tulikuwa tukibishana mimi na Bi Mwanatime tufanye nini, ndipo sauti ikatoka upande wa ukuta, ya kukwaruza kwa kutotumika. “Ongezeni mai ya bahari. Samaki wa bahari atakunywa nini kingine?” Tulitazamana. Lilikuwa neno lake la kwanza refu tangu nimefika. Bi Mwanatime alijifunika mdomo kwa kanga, na nadhani siku ile Mjomba angelisema tuimwage bahari nzima ndani ya nyumba tungelifanya. Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kila maji yaliposhuka tuliongeza ya bahari, na tulifanya kwa furaha, kwa sababu kila tukileta ndoo tulimuuliza, “Mjomba, yatosha?” naye akajibu, “Tia kidogo tena.” Alianza kumaliza chai yake. Bi Mwanatime akawa anaimba jikoni.

Kisha samaki wakaanza kudhoofu. Walikaa chini ya jiwe wakihema upesi, rangi ya buluu ikawachujuka, na lile ua la bahari likajikunja likawa donge. Nilipima kwa matone, manjano. Nikapima tena, manjano. Sumu haikuwepo, na samaki walikuwa wanakufa. Siwezi kueleza hofu iliyoniingia. Visamaki vyenyewe vingesamehewa, lakini Mjomba alikuwa ametoa kichwa chake nje ya ukuta kwa sababu yao, na kama wangekufa mikononi mwa ushauri wake nilijua angerudi ukutani asitoke tena. Na kusi ilikuwa imeanza kulegea. Asubuhi moja Bi Mwanatime alikuwa anafuta ukingo wa kioo kwa kitambaa, akasita. Pale juu, mahali ambapo maji huishia, palikuwa na utando mweupe mgumu. Aliukwangua kwa ukucha, akaulamba, akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Akanivuta mkono mpaka jikoni. “Zena, tulipokuwa wasichana Chovae, tulikuwa tukiokota wapi chumvi?” Nikasema, kwenye vishimo vya mwambani, pale mawimbi yanaporukia na jua likapiga. “Haya. Yua hunywa mai. Chumvi halinywi,” akasema. “Mai yanakwenda zake, chumvi yabaki, na sisi kila siku twaongeza chumvi juu ya chumvi. Yale mai yanayokwenda ni matamu. Yatakiwa matamu ndiyo yarudishwe.”

Lilikuwa jambo la wazi kabisa, la kumfanya mtu ajipige kibao. Watu wa kisiwani sisi, tuliozaliwa tukilamba chumvi miguuni, tuliwatilia samaki bahari juu ya bahari kwa kuwa hatukuweza kufikiri kwamba samaki wa baharini anaweza kuhitaji maji ya mtungini. Lakini aliyetuagiza ni Mjomba. Nikamsihi Bi Mwanatime, “Usimwambie. Tutie maji matamu kimyakimya, yeye asijue. Mgonjwa hubembelezwa.” Akanikatiza. “Mgonjwa hubembelezwa, ndiyo. Mchu mzima hupingwa. Mimi nimechoka kumbembeleza. Leo nataka nimpinge.” Akachota kata ya maji kwenye mtungi wa kunywa, maji yale tuliyoyanunua kwa mwenye punda aliyepita mitaani akinadi biyo macaan, maji matamu, na akaingia chumbani nami nikimfuata. “Babake Heri,” akasema kwa sauti ya sokoni, “umekosea. Waua samaki wangu.”

Ule mgongo ukatikisika. “Nani amekosea?” “Wewe. Wataka mai matamu, hawa.” “Mai matamu?” Sauti ilipanda. “Samaki wa bahari umtie mai ya mtungini? Mwanatime, umerukwa na akili! Mai matamu yatamuua!” Bi Mwanatime akajibu papo hapo, “Wewe nakupa mai matamu kila siku, mbona hujafa?” Ndipo Mjomba Kombo alipojigeuza. Alijisukuma kwa kiwiko, akajivuta kwa mkono mwingine, miguu ikabaki nyuma, na uso wake ukatujia, uso uliokonda wenye ndevu za mgonjwa na macho ya hasira kabisa. Sijapata kuona hasira nzuri kama ile. “Nilete hapa nionje!” akanguruma. Nilichota maji ya kioo kwa kikombe nikampa. Aliyatia mdomoni, akayazungusha, akayatema kwenye bakuli. Bi Mwanatime alisimama na kata yake, na nilijua anaomba dua. “Haya si mai ya bahari,” Mjomba akasema mwishowe, polepole. “Haya ni mai ya kukaushia papa.” Kisha akaongeza, kwa kisirani cha mtu aliyeshindwa na mkewe mbele ya mpwa wake, “Si yote kwa mara moja, mwanamke. Utawashtua. Haba na haba.” Bi Mwanatime akamimina tone kwa tone, machozi yakimshuka, na Mjomba akamgombeza kwa kila tone.

Tangu siku ile chumba kikawa na mwenyewe. Mjomba alisema ulimi unaweza kudanganya, kwa hiyo akanituma nimtafutie kichupa kitupu cha dawa ya sindano zake, chenye kizibo cha mpira. Akatia risasi ndogo za nyavu ndani yake mpaka kikaelea wima, akaagiza maji safi ya nje ya mwamba, akakielesha humo, na pale maji yalipofikia nikaweka alama kwa rangi yangu ya kucha. Kichupa kikipanda juu ya alama, maji yamezidi chumvi. Kikizama, yamepungua. Mtu huyu aliyekuwa hataki hata kugeuzwa sasa aliniamsha na jua kuniuliza, “Kichupa chasemaje?” Lile ua la bahari lilijikunjua, samaki wakarudisha buluu yao. Siku ambazo mwenye punda hakuja, tulitawadha kwa maji ya kisima yenye magadi, na samaki wakapata matamu, na jirani mmoja akaeneza habari kwamba nyumba ya Kombo wanywesha samaki kuliko wachu. Mjomba aliposikia alicheka hadi akakohoa. Aliomba dirisha lifunguliwe, eti aone kama tunachota maji mahali panapofaa. Alikula. Alinena. Lakini hakukubali kutolewa nje, na aliyepita bandarini akamsalimu kutoka chini alijibiwa na pazia. Siku moja nilimsikia akimwambia mkewe, akidhani mimi nimelala, “Usinipeleke wanione. Walinizoea nikiwashinda wote kule chini. Mzamiaji wa kubebwa ni kichekesho.” Hapo nikaelewa kwamba kazi haijaisha.

Kusi ilikatika. Mvua zikanyesha bara, na mto Juba, unaomwaga maji yake baharini karibu na mji, ukafurika. Bahari ya pale kwetu ikawa rangi ya chai ya maziwa, na takataka za mashambani, majani ya migomba na vigogo, zikaelea mpaka gatini. Zamu ya kubadilisha maji ya kioo ilifika. Niliporudi na ndoo Mjomba alikielesha kichupa ndani yake, nacho kikazama mpaka shingoni. “Haya ni mto,” akasema. “Huwezi kuwatia mto.” Tukangoja, maji yakazidi kuwa ya matope, na kadi ya rangi ikaanza kuniambia maneno mabaya: manjano ikaelekea kijani. Asubuhi ya pili au ya tatu hivi, mlango ukabishwa. Alikuwa Bwana Omari na vijana wawili wa boti, wamekuja kumchukua. Walikuwa wameshaandaa godoro ndani ya boti, na mwavuli wa kumkinga jua. Bi Mwanatime alibaki ameshika mlango. Kutoka chumba cha nyuma Mjomba akaita, “Ni Omari? Amekuja na boti? Vyema. Nibebeni.”

Nilifikiri amekubali. Bi Mwanatime naye alifikiri hivyo. Alifunga nguo zake kwenye kanga bila kunitazama, na mimi nikabeba mto. Walimpitisha mtaani juu ya kitanda cha kamba, na yeye aliyekuwa hataki kuonekana alikaza macho mbele, akawajibu waliomsalimu. Watu walitupisha njia kama tunapitisha jeneza. Lakini tulipofika kwenye boti aliniambia, “Madumu yako wapi? Rudi kalete madumu ya mai, yote.” Bwana Omari akasema, shemeji amechukua maji ya kunywa ya kutosha safari. “Sikuuliza ya kunywa,” Mjomba akajibu. Nilikimbia, nikarudi nayo pamoja na kile kichupa. Moyo wangu ulikuwa umeanza kuelewa kabla yangu.

Tulitoka bandarini katika maji ya kahawia, tukavuka kichwa cha mwamba, na yeye amelala ubavu akitia mkono majini kila mara na kulamba vidole. “Bado. Endelea. Bado.” Kisha tukafika mahali ambapo maji yanagawanyika, huku matope, kule buluu, na mstari kati yake wazi kama pindo la kanga. Tukauvuka. Akatia mkono, akalamba, akafunga macho. “Zima mashine. Hapa. Tekeni.” Vijana wakajaza madumu, nami nikaelesha kichupa, nacho kikasimama kwenye alama ya rangi ya kucha sawasawa. Bwana Omari alikuwa ameanza kuona kwamba safari ya Chovae ina mambo. Mjomba akamwambia, “Kaka, nishusheni.” “Wapi?” “Majini.”

Bwana Omari alisema hapana. Sote tuliwaza jambo moja. Mtu asiye na miguu, mahali ambapo chini hapaonekani. Mjomba hakumtazama kaka yake. Alimtazama mkewe. Nami nilimtazama Bi Mwanatime, na ninajua sasa, nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, kwamba lile ndilo lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kuombwa kulisema. Alimchungua mumewe usoni kama alivyochungua ule utando mweupe ukingoni mwa kioo. Kisha akasema, “Mshusheni.”

Walimshika makwapani wakamteremsha. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, na Bwana Omari hakutaka kumwachia kiganja, mpaka Mjomba mwenyewe alipojinasua. Alizama. Bi Mwanatime aliyainamia maji. Kichwa kikaibuka mbali na boti, upande wa pili kabisa, maji yakimtiririka ndevuni, na ile mikono mirefu ya mzamiaji ikaanza kuvuta, mmoja baada ya mwingine, polepole kwanza, halafu kwa nguvu. Miguu ilimfuata nyuma, imenyooka, haimzuii wala haimsaidii. Kule majini haikuhitajika. Alituzunguka mara moja akihema na kucheka, akatuzunguka tena, na vijana wa boti wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nalia waziwazi wala sikujali nani ananiona.

“Shemeji,” Bwana Omari akamwambia Bi Mwanatime kwa sauti ya chini, “basi Chovae tufanyeje?” Aliyejibu alikuwa ndani ya maji, ameshika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, akipangusa uso kwa mwingine. “Chovae nitakuja sikukuu, kula mchuzi wa mkeo. Sasa geuza boti, Omari. Samaki wangu wangoja mai.”